Mama alifua tu ovaroli: ushauri kwa familia za waliofanya kazi na asbesto

Mama yangu hakuwahi kuajiriwa popote, lakini alipata ugonjwa wa kiwandani: saratani inayoletwa na vumbi la asbesto, madini ya nyuzinyuzi. Baba alikuwa fundi boila kwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba huku Kanda ya Ziwa. Mabomba ya mvuke yalifungwa asbesto ili yasipoteze joto, na kila palipovuja baba alibandua ile kuukuu kwa mikono na kufunga mpya. Jioni alirudi nyumbani Igogo na ovaroli ileile. Mama aliikung'uta kwanza ukutani, vumbi jeupe likapeperuka, ndipo akailoweka kwenye beseni. Hakuna aliyemwambia kitu, si mama wala baba.

Nawaandikia wenye wazazi wa aina hiyo, kwa sababu ugonjwa huu huchukua muda mrefu kujitokeza, mara nyingi miaka 20 hadi 40 au zaidi. Kufikia hapo kiwanda kimefungwa au kimeuzwa, na watoto hawakumbuki hata baba alikuwa kitengo gani.

Kwa mama ilianza pumzi. Kile kilima chetu cha mawe alichokuwa akikipanda na ndoo kichwani kikawa kinamsimamisha njiani. Kisha maji yakajaa upande mmoja wa kifua, yanatolewa, yanarudi. Akaanzishiwa dawa za TB, na simlaumu aliyeziandika, maana kwetu kifua kikijaa maji wa kwanza kushukiwa ni TB. Ila kama vipimo vya TB havionyeshi kitu, dawa zinamezwa na maji bado yanarudi, ombeni CT scan na kipimo cha kinyama (biopsy). Kwa watu wa Kanda ya Ziwa, hospitali ya Bugando, Mwanza, ina huduma za saratani. Ombeni rufaa mapema.

Daktari bingwa aliyempokea mama alimuuliza, "Mama, umewahi kufanya kazi kiwandani?"

"Hapana mwanangu, mimi ni mama wa nyumbani."

Akaandika. Kisha akanyanyua kichwa: "Na mzee alikuwa anafanya kazi gani?"

Swali hilo la pili ndilo lililotufikisha kwenye jibu: mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu. Wengi hawaulizwi, kwa hiyo lisemeni wenyewe bila kusubiri, na ombeni liandikwe kwenye faili kwamba mgonjwa alifua nguo za mtu aliyeshika asbesto. Si jambo geni kwa madaktari. Mwaka 1965 watafiti Muriel Newhouse na Hilda Thompson walichapisha taarifa za wagonjwa wa mesothelioma jijini London, na miongoni mwao walikuwamo wake waliofua nguo za kazi za waume zao. Mwaka 1965! Waajiri walikuwa na muda wa kutosha wa kuweka mabafu na dobi kazini.

Sasa fidia, na hapa niseme ukweli mchungu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, unamhusu mfanyakazi aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi, na wategemezi wake akifariki. Mke aliyeugua kwa kufua si mfanyakazi. Kwa hiyo kwenye familia moja mnaweza kuwa na madai mawili ya njia tofauti: la baba, kama naye mapafu yameathirika (mpimeni hata kama anasema yuko salama), na la mama, ambalo ni kesi ya madai mahakamani kwa uzembe wa mwajiri. Madai ya madhara kama haya yana ukomo wa miaka 3, na mwanasheria wa upande wa pili atabishana nanyi kuhusu siku ya kuanza kuhesabu. Jibu la kinyama likitoka, muoneni wakili wiki hiyohiyo. Msio na uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Ulizieni ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya.

Msikate tamaa kwa kuwa kampuni imehama nchi. Mwaka 2000 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliruhusu wagonjwa zaidi ya 3,000 wa Afrika Kusini kuishtaki huko kampuni ya asbesto ya Cape, na wengine kati yao hawakuwa wafanyakazi, walikuwa wakazi tu wa maeneo yenye vumbi hilo.

Kinachoamua kesi ni ushahidi, na ushahidi hufa na wazee. Sisi tulikuta kadi ya baba ya NPF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi wa zamani, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, kingo zimeliwa na mende lakini jina la mwajiri linasomeka. Tafuteni kadi kama hiyo, barua ya ajira, kadi ya JUWATA (chama cha wafanyakazi cha zamani), picha ya pamoja mbele ya boila. Watafuteni wenzake walio hai, waeleze nani alifunga nini na kwa miaka ipi, kisha waapishwe mbele ya wakili. Mgonjwa mwenyewe asimulie angali na pumzi. Mrekodini kwa simu, halafu wakili aiweke kwenye kiapo. Filamu za X-ray msiziache juani, na nakala ya jibu la kinyama ikae kwa watu wawili.

Mgonjwa akifariki, someni kwa makini sababu ya kifo hospitalini kabla ya kupeleka karatasi RITA, wanaosajili vifo. Ikiandikwa "kushindwa kupumua" peke yake, rudini kwa daktari siku hiyohiyo, mkiwa na jibu la kinyama mkononi, mumuombe aandike mesothelioma.