Mume wangu hafanani na wanaume wa riwayani

SWALI: Mshauri, pokea salamu zangu. Mimi ni mke na mama wa watoto wawili, na ndoa yetu ina miaka tisa. Tangu usichana nimependa riwaya za mapenzi, na siku hizi huzisoma kwenye simu usiku, watoto wakishalala. Mume wangu hanigombezi wala hana mambo ya nje, ila hana maneno matamu: akirudi kazini hula, huuliza habari za watoto, kisha hulala. Nikimlinganisha na wanaume ninaowasoma, hujiuliza kama kweli napendwa. Yeye anadai vitabu hivyo vinaniharibu, na anataka niviache. Je, ana haki?

JIBU: Dada, hofu ya mumeo ni ya zamani. Mwaka 1857 mwandishi Gustave Flaubert alishtakiwa nchini Ufaransa kwa kuchafua maadili kutokana na riwaya yake Madame Bovary, inayomhusu mke wa daktari aliyezama katika hadithi za mapenzi tangu ujana hata akamwona mumewe kuwa mtu asiye na ladha, akaingia katika uzinzi na madeni, na mwishowe akajiua kwa sumu. Mahakama ilimwachia Flaubert, na naona ilitenda haki, kwani anayeisoma riwaya hiyo kwa makini haoni tu mke aliyepotoshwa na vitabu, bali pia watu wawili walioishi chini ya paa moja bila mmoja kujua linalomsumbua mwenzake.

Hapo ndipo riwaya unazozisoma zinapokudhulumu bila kukusudia. Mwandishi hukufungulia moyo wa shujaa wake. Anapokaa kimya, wewe msomaji umekwisha kuambiwa kwamba kimya hicho kimejaa mapenzi. Mumeo hana msimulizi wa kumsemea. Isitoshe, riwaya za aina hiyo huwakutanisha wawili, huwawekea vikwazo, kisha kwa kawaida hukomea wanapopatana, yaani pale pale ambapo ndoa yako ilianzia. Miaka ya ada za shule na nguo za watoto haimo, au hupitishwa kwa sentensi moja, kwa kuwa haina msisimko wa kumkesha msomaji.

Robert Sternberg, mwanasaikolojia wa Marekani, katika nadharia aliyoichapisha mwaka 1986, aliyagawa mapenzi katika mambo matatu: ukaribu, ashiki, na uamuzi wa kumpenda mtu na kudumu naye. Ashiki huja upesi na aghalabu hupungua upesi, ndiyo maana inasimulika vizuri. Uamuzi wa kudumu hauonekani siku moja, huonekana kwa kurudiwa. Mtoto anapopata homa usiku, anayeamka kulowesha kitambaa na kuangalia saa ya dozi inayofuata hasemi neno lolote la kunukuliwa. Nakuomba ukumbuke kama mumeo amewahi kuwa mtu huyo. Hata katika riwaya zako, nadhani utagundua kwamba shujaa hukuteka moyo si anaposifu macho ya mpenzi wake, bali anapobaki naye wakati kuondoka kungekuwa rahisi.

Hata hivyo, simwondolei mumeo lawama. Kutokuwa na mambo ya nje ni kiwango cha chini kabisa cha uaminifu, na aliyeahidi kumpenda mkewe hatimizi ahadi hiyo kwa kula na kulala. Lakini je, umemwambia unachokitaka, au umesubiri akibashiri? Chagua ukurasa mmoja uliokugusa, umsomee siku ambayo hajachoka, kisha umweleze bayana ni jambo gani hasa ungependa alifanye: kukushika mkono, kukuuliza umeshindaje, kukushukuru. Usimsomee kwa kumshtaki. Wanaume wasio na maneno huzidi kujifungia wakihisi wamepandishwa kizimbani.

Kuhusu kuacha riwaya kabisa, hana haki ya kukuamuru. Kuhusu saa unazosoma, ana hoja: watoto wakishalala ndiyo nafasi pekee mnayobaki wawili, nawe umeikabidhi simu. Tafuta wakati mwingine wa kusoma, walau kwa siku nyingi za juma, na yeye naye asiitumie nafasi hiyo hiyo kulala.