Proksi ya ofisini inaona nini? Maswali yenu kuhusu logi

Nikifungua dirisha la faragha kwenye Chrome, ofisi bado inaona ninakoingia? (Karani, Mombasa)

Inaona. Proksi ni seva ambayo intaneti ya ofisi hupitia, na logi ni kumbukumbu inayoandika za kila anayepita. Dirisha la faragha linakuficha kwa atakayekalia kiti chako baadaye, basi. Swali hili linakuja kila mara na jibu halijabadilika.

Bosi anaweza kusoma WhatsApp yangu kupitia proksi? (Mhasibu, Dodoma)

Ujumbe wenyewe, hapana. Atakachokuta kwenye Squid, programu ya proksi, ni mstari wa namna hii (mwisho wake nimeukata):

`1718003112.482 61230 10.10.4.27 TCP_TUNNEL/200 48211 CONNECT web.whatsapp.com:443 -`

Namba ya kwanza ni sekunde tangu 1 Januari 1970. Hapa ni 10 Juni 2024, saa 4:05 asubuhi ya Afrika Mashariki. Inayofuata ni muda wa muunganisho kwa milisekunde, yaani dakika moja na ushei. Kisha anwani ya kompyuta, matokeo, baiti zilizorudi na jina la tovuti. Hicho kistari cha mwisho ni mahali pa jina la mtumiaji: proksi hii haikumtaka mtu ajitambulishe, kwa hiyo inaijua kompyuta, haimjui mtu. Ila kama ofisi imeweka programu inayopiga picha skrini yako, hapo proksi haina habari na wewe huna siri.

Msimamizi amenitolea ripoti kwamba nilikaa YouTube kwa muda wa saa tano siku moja. Si kweli. Nijiteteeje? (Jina limehifadhiwa)

Omba mistari ghafi, usibishane na ripoti. Programu za kutengeneza ripoti kutoka kwenye logi, kama SARG, huchukua ile safu ya milisekunde na kuijumlisha. Kivinjari nacho hufungua miunganisho kadhaa kwa mpigo kwenda sehemu moja. Miunganisho mitano iliyokaa wazi saa moja inasomeka saa tano, hata kama ulikuwa kantini unakunywa chai. Tena video ikibandikwa ndani ya ukurasa wa habari, YouTube inaingia kwenye logi bila wewe kwenda huko.

Angalia na muda ulioandikwa. Squid huandika mstari wa CONNECT (kama ule wa WhatsApp hapo juu) muunganisho unapofungwa, si unapofunguliwa. Mstari wa saa 10:58 jioni unaweza kuwa wa kichupo ulichofungua mchana.

Halafu uliza: anwani iliyo kwenye mistari hiyo, tuseme 10.10.4.27, ilikuwa ya nani saa hiyo? Kama anwani zinagawiwa na DHCP, mfumo unaozigawa wenyewe na kwa muda tu, ya kwako ya asubuhi inaweza kuwa ya mwenzako alasiri. Bila kumbukumbu za DHCP za saa ileile, na bila uhakika kwamba seva zote mbili, ya proksi na ya DHCP, zinachukua saa kwenye NTP (huduma ya kulinganisha saa za kompyuta), hiyo ripoti haimtaji mtu. Ni grafu za rangi tu, na inasikitisha kwamba watu wanaandikiwa barua za onyo kwa ushahidi huo.

Nitajuaje kama ofisi inafungua HTTPS, yaani mawasiliano ya tovuti yaliyofichwa? (Mwalimu, Kisumu)

Bonyeza alama iliyo kando ya anwani ya tovuti, fungua cheti, soma kimetolewa na nani. Ukikuta jina la kampuni yako au la kifaa chake cha ulinzi, basi mawasiliano yanafunguliwa katikati na proksi inaona anwani nzima ya kila ukurasa. Jaribu tovuti zaidi ya moja, maana nyingine huachwa.

Wenye seva, hili ni lenu. Tovuti za benki, hospitali na bima zipitisheni bila kufunguliwa:

`acl hatua1 at_step SslBump1`
`acl nyeti ssl::server_name "/etc/squid/nyeti.txt"`
`ssl_bump peek hatua1`
`ssl_bump splice nyeti`
`ssl_bump bump all`

Mpangilio huo usiubadili. `bump all` (fungua zote) ikitangulia `splice` (pitisha bila kufungua), orodha yako haifanyi kazi. Na `strip_query_terms`, inayokata kwenye logi sehemu ya anwani iliyo baada ya alama ya kuuliza, iacheni ilivyo, yaani `on`. Wapo wanaoizima ili ripoti "ijae", kisha logi inabeba maneno watu waliyotafuta na viungo vya kubadilisha nywila.

Logi tuzihifadhi muda gani? (Mtu wa IT, Arusha)

Kabla ya muda, sema unazihifadhi kwa kazi gani. Kwa kutafuta kompyuta yenye virusi au hitilafu, siku 30 zinatosha ofisi nyingi. Weka `logfile_rotate 0`, uiachie logrotate (programu ya kuzungusha na kufuta logi za zamani): `daily`, `rotate 30`, `compress`, na `squid -k rotate` ndani ya `postrotate`. Ukisahau hiyo ya mwisho, Squid itaendelea kuandika kwenye faili la zamani.

Kinachowaponza wengi ni nakala. Logi imefutwa, lakini chelezo ya mwaka jana ipo, na ripoti za SARG ziko kwenye saraka ya seva ya wavuti ambayo ofisi nzima inaweza kuifungua. Kazitazame leo. Kama unachotaka ni takwimu tu, `client_netmask 255.255.255.0` itaandika 10.10.4.0 badala ya anwani kamili.

Wafanyakazi wamesaini mkataba kwamba kompyuta ni mali ya kampuni. Haitoshi? (Afisa utumishi, Nairobi)

Haitoshi. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019. Ya Tanzania ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023. Zote zinadai mtu aambiwe taarifa zake zinachukuliwa kwa sababu gani. Huko Ulaya, Bogdan Bărbulescu wa Romania alifukuzwa kazi mwaka 2007 kwa ujumbe wa Yahoo Messenger. Tarehe 5 Septemba 2017 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona faragha yake haikulindwa: mahakama za kwao hazikupima kama aliambiwa mapema ufuatiliaji ungefika wapi. Hukumu hiyo haitubani huku, lakini swali lake ni zuri. Andikeni ukurasa mmoja: kinachorekodiwa, anayekiona, siku ya kufutwa.

Niweke VPN kwenye laptopu ya ofisi?

Hapana. Logi itaonyesha VPN, na hapo utakuwa umejitafutia kesi nyingine. Mambo yako yafanye kwenye simu yako, kwa bando lako.

Mkurugenzi ananiomba logi za mtu mmoja, kwa mdomo tu. Nimpe? (Mtu wa IT, Mwanza)

Mwombe aandike: kifaa kipi, tarehe zipi, sababu gani. Kisha toa mistari hiyo tu, si faili zima, na uandike nani alichukua nini na lini. Usiitafute anwani 10.10.4.2 kwa amri ya `grep 10.10.4.2`, itakuletea na .20 hadi .29 na .200 kwenda juu, uwaingize watu wasiohusika. Tumia `awk '$3=="10.10.4.2"'`, inayolinganisha safu ya tatu, yaani anwani nzima.