Spika ndefu za honi, desibeli 100: mwaka wa sita naishi nazo

Mkuu, umeuliza kama ni kweli spika za honi, zile zenye mdomo unaopanuka kama tarumbeta, "zinafoka na kuchosha masikio", na kama amplifaya yako ya wati 30 itaweza kuzisukuma kwenye chumba cha mita 4 kwa 5. Umesema pia muuzaji wa hiyo jozi iliyotumika anakuhakikishia ni za desibeli 100. Waliotangulia wamekujibu kwa mstari mmoja mmoja, huyu "usithubutu", yule "hutajuta". Mimi huu ni mwaka wa sita ninazo, na nimepita kote kuwili: kutaka kuziuza, na kutotaka mtu aziguse. Vumilia, ni ndefu kidogo.

Wati zako 30 zinatosha na zinabaki. Hofu yako isiwe wati ya thelathini. Iwe wati ya kwanza, kwa sababu humo ndimo utakamoishi siku zote, na mimi nilichelewa sana kulijua hilo.

Zangu ni za njia mbili. Kila boksi lina wufa mbili za inchi 10, ndizo za besi, na juu yake honi yenye dreva ya kompresheni, yaani kisukumizi cha sauti kilichofungwa nyuma ya koo lake, kiwambo chake (ile ngozi inayotikisika) cha titani. Zinanifika kifuani, na kuihamisha moja kunataka watu wawili wanaoelewana. Kabla yake nilikuwa na spika ndogo za kuweka kwenye stendi, desibeli 87, na amplifaya ya wati 100 niliyojivunia. Nikadhani nabadilisha spika tu, mengine yatabaki yalivyo.

Jioni ya kwanza nikazisukumia kwenye pembe mbili za chumba, sakafu haina kitu, kuta hazina kitu, amplifaya ileile. Dakika arobaini nikazima. Sauti za juu zilikuwa kama mtu anayekwangua ukoko kwa kijiko cha chuma, besi inavuma nyuma ya kila kitu, na pale wimbo unapotulia nasikia "sssss" nikiwa nimekaa kwenye kiti, mita tatu kutoka kwenye spika. Mke wangu akachungulia mlangoni akauliza kama kuna kitu kinaungua. Baada ya wiki mbili nikaandika tangazo la kuziuza. Liko kwenye simu mpaka leo, sikuwahi kulituma.

Kilichoniokoa ni kukaa chini na kupiga hesabu. Desibeli 100 maana yake ukiipa spika wati 1 na kupima ukiwa umbali wa mita 1, unapata sauti ya desibeli 100. Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Lakini karatasi nyingi hazisemi wati 1, zinasema volti 2.83. Kwa spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyoukinza umeme) hizo volti ni wati 1 kamili. Kwa ya omu 4 ni wati 2, yaani umeongezewa desibeli 3 za bure kwenye maandishi. Wengine hupima ndani ya chumba, kuta zikawasaidia kuongeza. Mimi nikiona 100 kwenye tangazo, kichwani naandika 97, na silalamiki, kwa sababu 97 bado ni nyingi mno. Kila desibeli 10 ni mara kumi ya nguvu. Kazi ambayo spika zangu za zamani zilihitaji wati 10 kuifanya, hizi zinaifanya kwa wati 1.

Sasa keti mita 3 mbele ya jozi kama hiyo. Wati 1 kwa kila spika inakuletea kitini desibeli 92 hivi, kutegemea chumba. Muziki wa kusikiliza kwa utulivu uko kwenye 75. Tofauti ni desibeli 17, kwa hiyo kwa kawaida amplifaya yako itakuwa inatoa sehemu ya hamsini ya wati. Ndiyo, wati 0.02. Ngoma ikipigwa na sauti ikaruka desibeli 20 ghafla, unahitaji wati 2. Kwenye spika zangu za zamani mruko huohuo ulitaka wati 20. Hapo ndipo ile sifa ya honi inapotoka, kwamba ngoma inakuwa ngoma: amplifaya haihemi, na koili ya spika haipati moto wa kuifanya ilegee. Watu wanaosema "zina sauti kubwa" wameona nusu tu. Zangu huwa nazisikiliza chinichini usiku watoto wakiwa wamelala, na bado mpigaji akigusa ukingo wa ngoma ya snea najua ameugusa kwa kitu gani na kwa nguvu kiasi gani. Zile za zamani kwa sauti hiyo zilikuwa zimelala na watoto.

Honi yenyewe haina uchawi. Unapomwita mtu wa mbali unazungushia viganja mdomoni. Hukuongeza pumzi, umeisaidia hewa ya kooni ipokelewe na hewa ya nje. Kiwambo kidogo kikisukuma hewa wazi, nguvu nyingi inapotea bure. Kikisukuma kwenye koo jembamba linalopanuka taratibu, hewa inakikaba na kazi yake inafika. Kinatikisika kidogo sana, kwa hiyo hata uchafu kinaoongeza kwenye sauti ni mdogo. Majumba ya sinema ya miaka ya 1930 yalijaza ukumbi mzima kwa amplifaya za wati chache kwa sababu hiyo hiyo.

Ila honi inadai ukubwa. Wimbi la herzi 100 lina urefu wa mita 3.4, kwa hiyo honi ya besi ya kweli ni kitu cha ukubwa wa kabati. Mhandisi wa Marekani Paul Klipsch alipoitoa spika yake ya Klipschorn mwaka 1946 alilikwepa hilo kwa kuikunja honi ndani ya boksi na kuzifanya kuta za pembe ya chumba ziwe mwendelezo wa mdomo wake. Spika nyingi ndefu za leo, zangu zikiwemo, zina honi ya sauti za juu tu. Besi ni wufa za kawaida kwenye boksi lenye tundu la kupumulia. Wenye fani wana kanuni wanayoiita ya chuma, ya Hofmann: boksi dogo, besi ya chini kabisa, unyeti mkubwa (sauti nyingi kwa wati moja), chagua viwili. Zangu zimechagua unyeti, zikakubali kuwa kubwa, na hata hivyo chini ya herzi 35 hakuna kitu cha maana. Ukitaka mtetemo wa sinema utaongeza sabufa.

Nilizifanyaje basi zikatulia?

Kwanza nilizitoa kwenye pembe. Zangu si Klipschorn, pembe zilikuwa zinazizidishia mvumo tu. Sasa ziko sentimeta 70 kutoka ukuta wa nyuma, kwenye ukuta mfupi, zinapiga kuelekea urefu wa chumba. Kwenye chumba chako cha 4 kwa 5 fanya hivyo hivyo, maana unahitaji umbali. Jozi ya namna hii usiketi nayo karibu: nikivuta kiti mpaka mita moja na nusu, sauti ya mwimbaji inatoka juu na gitaa la besi linatoka magotini, kama watu wawili waliogombana. Kuanzia mita mbili na nusu wanapatana. Tundu la nyuma la spika moja, iliyo karibu na kona, nililitia soksi mbili za kuchezea mpira. Usicheke, mvumo uliisha siku hiyo hiyo.

Pili, kuzielekeza. Twita ya kawaida, ile spika ndogo ya sauti za juu, inamwaga sauti pande zote mbele yake. Honi inamwaga kwenye pembe iliyopimwa, zangu ni kama nyuzi 90 kwa upana. Ukikaa katikati ya mdomo wake unapata kila kitu kikali kilichomo. Nikazigeuza ndani sana kuliko inavyoonekana vizuri kwenye picha, mistari yake ikakutana nusu mita mbele ya pua yangu. Ukali ukashuka, na mwimbaji akasimama katikati hata mtu akikaa pembeni ya kochi. Hakuna kitu nilichonunua kilichonipa faida kama hicho kisicho na gharama. Zulia nene kati ya kiti na spika likamaliza sehemu kubwa ya iliyobaki.

Tatu ni ile "sssss", na hapa ndipo wengi wanaivunjia heshima spika bila kosa lake. Kila amplifaya ina mnong'ono wake wa ndani. Spika ya desibeli 87 inauficha. Ya 100 inausoma kwa sauti kama mtangazaji wa habari. Amplifaya yangu ya wati 100 ilikuwa inakuza mno. Kifaa changu cha kuchezea muziki kinatoa volti 2, nikigusa kizungusho cha sauti kidogo tu, nyumba nzima inasikia. Na kizungusho chenyewe, pale mwanzoni mwa mzunguko wake, upande wa kushoto na wa kulia havilingani, kwa hiyo mwimbaji alikuwa anahamia kwenye dirisha kila nikipunguza. Nikaweka vipunguzio vidogo vya desibeli 10, vile vya kuchomeka kwenye nyaya za RCA, kati ya kichezeo na amplifaya. Kizungusho kikapata nafasi ya kuzunguka, mwimbaji akarudi katikati. Lakini mnong'ono ulibaki, kwa sababu ulizaliwa baada ya kizungusho, ndani ya amplifaya yenyewe. Ulitoka nilipoiuza na kuchukua ya wati 25 iliyotulia. Ndiyo, nilishuka kutoka 100 hadi 25, na muziki ukapanda.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, fanya hivi na hiyo yako ya 30: iwashe ikiwa imeunganishwa kwenye spika hizo, usicheze wimbo, weka sikio kwenye mdomo wa honi. Mnong'ono utausikia tu, usishtuke. Rudi nyuma hatua moja moja. Mnong'ono ukipotea ndani ya mita moja, uko salama. Ukikufuata mpaka kwenye kiti, tatizo ni amplifaya. Ukisikia mngurumo mzito badala ya mnong'ono, angalia ethi (waya wa ardhini) na nyaya kwanza.

Kuhusu valvu, zile taa za kioo za amplifaya za kizamani, maana najua ndiko utakakoelekea, wote tunaelekea huko: amplifaya ya valvu moja ya aina ya 300B inatoa wati 8 hivi, na kwa hesabu ya juu unaona zinatosha. Angalia tu omu. Spika inaweza kuandikwa omu 8 na ikashuka mpaka 3 kwenye masafa fulani, na valvu hazipendi hilo. Niliazima ya rafiki yangu, nikajaribu tundu lake la kuunganishia spika za omu 8, besi ikalegea kama uji. Nikahamia tundu la omu 4, ikakaza. Sauti ya mwanamke ilikuwa tamu kuliko nilivyowahi kuisikia kwangu. Sikununua. Joto lake, na watoto wana mikono.

Sasa hiyo jozi iliyotumika. Yangu niliyonunua kwa mtu ilikuwa na ugonjwa ambao sikuuona siku ya kuichukua, kwa sababu muuzaji alinichezea muziki wa disko kwa sauti kubwa. Nyumbani, kwenye piano peke yake, kuna noti moja ilikuwa inatoka na kitu kingine nyuma yake, mzizimo mdogo, kama nzi ndani ya chupa. Nikalaumu rekodi. Nikabadilisha rekodi, nzi yupo. Nikahamisha nyaya, ya kushoto ikaenda kulia: nzi akabaki kwenye boksi lilelile. Fundi akafungua dreva, kiwambo kilikuwa na ufa mwembamba pembeni kama unywele. Kilibadilishwa kwa nusu saa, lakini kukipata kulichukua miezi miwili.

Kwa hiyo beba piano, na sauti ya mwanamke isiyo na vyombo vingi, iwe kwa sauti ya wastani. Sikiliza kila spika peke yake. Gonga honi kwa kifundo cha kidole: ikijibu kwa mlio wa kopo, ina uimbaji wake yenyewe, ingawa utepe mzito wa mpira nyuma yake husaidia sana. Bonyeza wufa taratibu kwa vidole vilivyotandazwa. Ikikwaruza, mwachie mwenyewe.

Kufoka, ulivyouliza? Zitafoka kwenye rekodi zilizobanwa mpaka hazina pa kupumulia, na hizo ni nyingi. Nina albamu nilizozipenda ujana wote ambazo siku hizi nazisikilizia kwenye gari tu. Na kuna hatari nyingine isiyosemwa: kwa kuwa hazikwaruzi zikiongezwa, hujui umeongeza. Siku moja nilipima kwa simu nikakuta 94 pale kitini, nami najiona nimeweka ya wastani. Mwongozo wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, unaruhusu 85 kwa saa 8, na kila ukiongeza desibeli 3 muda unakatwa nusu. 94 ni saa moja tu. Mimi nilikuwa naingia saa ya pili.

Ukienda kuziona, chukua amplifaya yako mkononi, usikubali kusikilizia ya kwake. Akikataa kukuachia uhamishe nyaya kushoto na kulia, rudi nyumbani na amplifaya yako.