Michango ya madarasa bila mkutano mkuu: yaliyotupata kijijini kwetu

Mkuu, umesema halmashauri ya kijiji chenu imepitisha kila kaya itoe shilingi 20,000 za madarasa, mkutano mkuu wa kijiji haukuitishwa, na mwenyekiti anadai mkikaa kujadiliana mvua itawakuta. Unauliza mtoe au mgome. Nakujibu kwa sababu nimewahi kukaa upande wa huyo mwenyekiti.

Nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule ya msingi huku kwetu Singida. Darasa la kwanza lilikuwa na watoto zaidi ya 100 katika chumba kimoja, wengine wakikaa chini. Shida ilikuwa ya kweli, na hata leo sikubali mtu akiniambia tulitaka kula hela. Tulichokosea ni haraka. Mwezi wa 11 tukakaa na halmashauri ya kijiji, tukagawa gharama kwa idadi ya kaya, mtendaji wa kijiji akabandika tangazo. Kwisha.

Mwezi wa 11 huku ndipo mtu ananunua mbegu. Hela haipo. Waliotoa hawakufika nusu. Kisha mgambo wakatumwa nyumba kwa nyumba. Niliona mama mmoja mjane akichukuliwa kuku wake wawili kwa ajili ya darasa ambalo mjukuu wake angesomea, na sikusema neno. Tangu siku ile watu wakiitwa kusomba mawe hawaji. Boma, yaani kuta za darasa bila paa, likasimama chini ya lenta (ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), miaka mitatu, mvua ikila matofali.

Sasa sheria, maana kuna mdau kwenye mjadala huu kaandika kwamba wajumbe tumewachagua, basi waamue. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inasema chombo cha juu kijijini ni mkutano mkuu, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi. Halmashauri ya kijiji, ile ya watu 15 hadi 25, inapanga na kutekeleza. Hata sheria ndogo ya kijiji wao wanaipendekeza tu; lazima iletwe kwenye mkutano mkuu, kisha iidhinishwe wilayani. Na kumbukeni Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulifuta ada, halafu Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango ya lazima shuleni. Mzazi akitoa kwa hiari hakuna anayemzuia, ila mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi hajachanga.

Ulipokuja uongozi mpya, ukaitisha mkutano chini ya mwembe wa ofisi. Ulichukua karibu siku nzima, na mwanzo wote ulikuwa hasira: zile hela za kwanza zilikwenda wapi? Mtunza hazina akasoma risiti moja moja, saruji mifuko mingapi, nondo ngapi. Hapo ndipo watu walipopoa. Wakakataa kutoa fedha mwezi ule, wakasema watatoa baada ya kuuza alizeti, na kiangazi kila kitongoji kitasomba mawe na mchanga kwa zamu. Kina mama wakauliza mbona tunaongelea madarasa wakati wasichana hawana choo cha maana. Kwenye kamati hakuna aliyewahi kulitaja hilo, nami nikiwemo. Vyoo vikawekwa mbele.

Boma lilifika lenta kiangazi kilekile, na halmashauri ya wilaya ikaezeka. Wasioweza kabisa, wazee na wagonjwa, mkutano wenyewe uliwasamehe kwa majina.

Kwa hiyo mkuu, usigome kimyakimya, maana mtaitwa wapinga maendeleo na watoto wataendelea kukaa chini. Andikeni barua kwa mwenyekiti, wazazi kadhaa mtie sahihi, mkitaka mkutano mkuu uitishwe, nakala kwa mtendaji wa kata. Ombeni makadirio ya ujenzi yasomwe pale, pamoja na mapato na matumizi ya mchango uliopita. Wanaosema watu hawahudhurii mikutano wajiulize ni lini mara ya mwisho hesabu zilisomwa mbele yao. Na saa ya mkutano isigongane na foleni ya kisimani, kina mama wawepo tangu mwanzo.