Maswali ya wasomaji: mrija wa moyo, stenti na hatari ya kiharusi

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu tiba za moyo zinazofanywa kwa kupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa wa damu, bila kupasua kifua. Tumezifupisha. Majibu ni ya jopo letu la madaktari na wauguzi wa moyo.

Shikamoo daktari. Baba ana miaka 63, ana kisukari, na kifua humbana akipanda ngazi. Ameandikiwa anjiografia ya moyo (kipimo cha picha ya mishipa ya moyo) kupitia mkononi. Je, atalazwa usingizi? Na dawa za sukari azimeze au aache? (Binti, Morogoro)

Marahaba, na pole kwa kuuguza. Halazwi usingizi. Anachomwa sindano ndogo ya ganzi kwenye kifundo cha mkono, na kwa wagonjwa wengi hiyo ndiyo inayouma kuliko yote yanayofuata.

Kabla ya kwenda, asile kwa saa 6. Maji matupu anaruhusiwa mpaka zibaki saa 2. Dawa za presha na aspirini ameze kama kawaida na maji kidogo. Za sukari ndizo za kuangalia. Glibenklamidi na wenzake asimeze asubuhi hiyo, maana hajala na sukari itaporomoka. Insulini ya muda mrefu hupunguzwa kwa kiasi atakachopangiwa na daktari wake. Metfomini ina habari yake: haiumizi figo, ila dawa yenye iodini inayoonyesha mishipa kwenye picha inaweza kuzichosha figo, na zikichoka metfomini hukosa pa kutokea. Ndiyo maana hospitali nyingi huisimamisha siku ya kipimo na kuirudisha baada ya saa 48, kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, ikishapimwa tena. Asiingie kathilabu, chumba cha kipimo hiki, bila majibu ya kreatinini mkononi. Kwa mgonjwa wa kisukari hilo si jambo la kujadili.

Ndani ya chumba, mrija hupita mkononi, begani, mpaka kwenye mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo. Hausikii ukipita. Mrija unaotumika sana una unene wa milimita 2, na mshipa wa kifundo cha mkono una upana wa milimita 2 hadi 3 tu, kwa hiyo mara nyingine mshipa hukaza na kuubana mrija. Baba atasikia mkono unauma hadi kwenye kiwiko. Aseme mara moja, asijikaze kiume, maana ipo dawa ya kuulegeza mshipa na hutolewa kupitia mrija huohuo. Atapewa pia heparini ili damu isigande. Dawa ya picha ikiingia, joto huweza kusambaa mwilini na mgonjwa akahisi amejikojolea. Hajajikojolea, na hali hiyo hupita baada ya sekunde chache.

Mwisho anafungwa bangili ya plastiki yenye hewa, inayolegezwa kidogo kidogo kwa takriban saa 2. Kwa siku chache asinyanyue ndoo kwa mkono huo. Damu ikitoka nyumbani, bonyeza kwa kidole gumba bila kuchungulia kwa dakika 10. Mkono ukiwa wa baridi, mweupe na wenye maumivu, arudi hospitali siku hiyohiyo.

Mkono ukikataa, daktari hupitia kwenye kinena, na hapo mgonjwa hulala chali saa 4 hadi 6. Tatizo la njia hiyo ni damu kuvuja kwa ndani ya tumbo, kwa nyuma: bandeji inabaki kavu lakini mgonjwa analalamika mgongo au ubavu, anatoka jasho, presha inashuka. Ndugu anayekaa naye wodini alijue hilo, amwite muuguzi.

Kuhusu kiharusi kutokana na kipimo chenyewe: kipo, lakini ni nadra, takriban mtu 1 kati ya 1,000. Mrija unaweza kubandua uchafu uliojishikiza kwenye ukuta wa mshipa mkuu.

Nimeambiwa mshipa mmoja wa moyo umeziba asilimia 60. Sina maumivu yoyote, natembea kilomita 4 kila jioni. Daktari mmoja anataka kuweka stenti (wavu mdogo wa kuuacha mshipa wazi) wiki hii, mwingine anasema dawa zinatosha. Nimsikilize nani? (Msomaji, Muscat)

Kwa maelezo uliyotupa, tunaelekea kwa yule wa dawa. Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uitwao ISCHEMIA, wa wagonjwa zaidi ya 5,000 ambao hali yao ilikuwa tulivu. Waliopelekwa mapema kwenye mrija hawakuishi zaidi ya walioanzishiwa dawa kwanza. Walichopata wale waliokuwa wakibanwa kifua ni nafuu ya maumivu, na wewe huna maumivu.

Sababu ni kwamba shambulio la moyo mara nyingi huanzia kwenye utando wa mafuta ambao haujabana sana ila umepasuka ghafla, damu ikagandia juu yake. Stenti inatengeneza sentimita mbili tatu za mshipa. Statini (dawa ya kupunguza kolesteroli), dawa ya presha na kuacha sigara vinafanya kazi kwenye mishipa yote, ikiwemo ile ya shingoni inayopeleka damu kwenye ubongo.

Jibu letu linageuka ikiwa kizuizi kiko kwenye shina la kushoto ambako mishipa mikubwa miwili inagawanyika, ikiwa moyo umeshadhoofika, au ikiwa maumivu yameanza. Uliza pia kama walipima msukumo wa damu kabla na baada ya kizuizi kwa waya maalumu. Kipimo hicho kikiwa juu ya 0.80, kizuizi kwa kawaida hakihitaji stenti, hata kama kwenye picha kinatisha.

Mtu mwenye shambulio la moyo sasa hivi hahusiki na haya yote. Huyo mshipa ufunguliwe ndani ya dakika 120 tangu ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ionyeshe, na kama kathilabu iko mbali mno, apewe dawa ya kuyeyusha donge la damu palepale alipo.

Salaam aleikum. Niliwekewa stenti mbili miezi minne iliyopita baada ya shambulio la moyo. Natumia aspirini na klopidogreli. Jino linaniuma na limetakiwa kung'olewa, Ramadhani inakuja, na dawa zinamaliza pesa. Naweza kupumzika klopidogreli mwezi mmoja? (Baba wa familia, Mombasa)

Waaleikum salaam. La, usiipumzishe hata wiki.

Stenti ni wavu wa chuma uliobanwa ndani ya ukuta wa mshipa kwa puto lililojazwa kwa msukumo wa karibu atmosfia 12 au zaidi. Tairi la gari dogo lina kama 2. Ukuta hukwaruzika, na chuma hubaki wazi mbele ya damu mpaka ngozi mpya ya ndani ya mshipa iote juu yake. Kabla ya hapo chembe sahani za damu zikiachiwa nafasi hujibandika kwenye chuma na kukiziba chote. Stenti ikiziba ghafla hivyo, wengi hupata shambulio kubwa kuliko la kwanza, na wapo wasiofika hospitali. Baada ya shambulio la moyo dawa zako mbili, zinazozuia chembe hizo kushikana, kwa kawaida huenda pamoja miezi 12. Aliyewekewa kwa mpango, bila shambulio, miezi 6. Daktari anaweza kufupisha kwa mtu anayevuja damu ovyo, lakini huo ni uamuzi wake, si wa mfuko. Aspirini hubaki.

Jino: ling'olewe ukiwa kwenye dawa zote mbili. Mwambie daktari wa meno mapema, apange asubuhi, ang'oe moja au mawili tu kwa siku, akushone ikibidi. Utauma pamba kwa dakika 30 badala ya 10. Hiyo ndiyo gharama yote. Maumivu yatulize kwa parasetamoli. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo duka lolote la dawa litakupa bila kuuliza, zinachubua tumbo na kuongeza kuvuja, na ibuprofeni juu ya hayo inaizuia aspirini kufanya kazi yake. Kama unatumia omeprazoli kwa ajili ya tumbo, omba ibadilishwe iwe pantoprazoli, kwa kuwa omeprazoli hupunguza nguvu ya klopidogreli.

Ramadhani: klopidogreli na aspirini ni mara moja kwa siku. Zimeze baada ya futari, saa ileile kila usiku. Kinachosumbua wafungaji ni dawa za kukojoza na zile za kumeza mara mbili, kwa hiyo muone daktari wako wiki mbili tatu kabla ya mwezi kuandama, azipange upya na akupime kama moyo una nguvu ya kufunga.

Pesa: omba klopidogreli isiyo na jina la kampuni, ya miligramu 75, bei hutofautiana sana. Usikate kidonge nusu wala kuruka siku. Ukiona zimebaki za siku tano na mfuko mtupu, nenda kliniki siku hiyo, usingoje ziishe.

Binti yangu ana miaka 24. Mlango mmoja wa moyo umekazana kwa sababu ya homa ya baridi yabisi ya utotoni, na mapigo hayana mpangilio. Wanataka kuupanua kwa puto. Anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na jirani anasema kuna dawa mpya isiyohitaji kupimwa damu. Ana mchumba. (Mama, Sengerema)

Hii ndiyo barua tuliyoijadili zaidi.

Mlango wenyewe ni valvu ya mitrali, kati ya vyumba viwili vya kushoto. Ukiwa mzima una nafasi ya sentimita za mraba 4 hadi 6. Ukishuka hadi 1.5 au chini, umebanwa vibaya. Damu inatuama kwenye chumba cha juu, chumba kinatanuka, mapigo yanavurugika, na damu iliyotuama inaganda. Donge likichomoka, linaweza kwenda kwenye ubongo. Kwa hiyo binti ana hatari ya kiharusi ingawa ni kijana na presha yake inaweza kuwa nzuri kabisa.

Tiba ya puto hufanyika nchini, ikiwemo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mrija huingizwa kwenye mshipa wa kinena cha kulia, unafika chumba cha juu cha kulia, ukuta wa katikati unatobolewa kwa sindano, kisha puto linapitishwa hadi kwenye valvu. Ukubwa wa puto hukadiriwa kwa urefu wa mgonjwa: sentimita zigawe kwa 10, ongeza 10, unapata milimita. Mwenye sentimita 160 huanza kufikiriwa puto la 26. Hujazwa kwa sekunde chache tu, mbele kwanza, linavutwa likae sawasawa, kisha nyuma na kiuno, na midomo ya valvu iliyoshikana inaachana. Ikifanikiwa, nafasi huongezeka karibu mara mbili. Tundu la ukutani kwa wengi hujifunga lenyewe baada ya miezi.

Kabla ya hayo lazima apimwe kwa eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) inayomezwa kupitia koo. Eko ya kifuani haioni vizuri mfuko mdogo wa pembeni ya chumba, na donge hupenda kukaa humo. Puto likipita penye donge, tiba inakuwa ndiyo iliyoleta kiharusi. Likionekana, anarudi kwenye wafarini miezi miwili mitatu na kupimwa tena. Msione wamecheleweshwa. Vilevile valvu ikiwa inavuja sana, au imejaa chokaa, puto halifai. Litaipasua, na atahitaji upasuaji wa kifua. Hata kwa valvu nzuri, wachache huishia na uvujaji mkubwa, kwa hiyo ulizeni kabla: hilo likitokea, daktari wa upasuaji yuko wapi?

Kuhusu dawa ya jirani: kwa binti yako, hapana. Utafiti wa INVICTUS, uliotoka mwaka 2022 na kuhusisha takriban wagonjwa 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini wenye tatizo la aina hii, ulilinganisha rivaroksabani, mojawapo ya dawa hizo mpya, na dawa za kundi la wafarini. Waliokuwa kwenye kundi la wafarini walikufa wachache zaidi. Dawa mpya ni nzuri kwa mapigo yasiyo na mpangilio ya wazee wasio na valvu iliyobana. Jirani huenda aliambiwa ukweli kuhusu mtu mwingine.

Wafarini inataka INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda, kati ya 2 na 3, ipimwe kila wiki mwanzoni, baadaye angalau kila mwezi. Matembele, mchicha na kisamvu ale, ila kwa kiasi kinachofanana wiki hadi wiki. Flagili, Septrini na flukonazoli hupandisha INR kwa hatari, rifampisini huishusha. Akipewa mojawapo, INR ipimwe ndani ya siku chache. Puto likifanikiwa, wafarini inaendelea, maana mapigo bado hayana mpangilio. Sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4, ya kuzuia homa ile isirudi, pia inaendelea.

Na mchumba: ujauzito huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na valvu iliyobana ndipo humtesa mwenye nayo. Puto lifanyike kwanza. Wafarini inaweza kuharibu maungo ya mtoto, hasa wiki ya 6 hadi 12, kwa hiyo atumie uzazi wa mpango mpaka daktari wa moyo na wa uzazi wampangie, na siku akikosa hedhi apime mimba siku hiyohiyo, asisubiri kliniki ijayo.

Kuna kizibo kinachowekwa moyoni badala ya dawa za kuzuia damu kuganda. Ni kweli? (Msomaji, London)

Kweli. Kinaziba ule mfuko mdogo tulioutaja hapo juu. Kinawafaa wenye mapigo yasiyo na mpangilio wasio na valvu iliyobana, na ambao wamevuja damu kiasi cha kushindwa dawa. Baada ya kuwekwa, bado kuna dawa za kuzuia kuganda kwa muda, mpaka kifunikwe na ngozi ya ndani. Asiye na tatizo na dawa hana haja nacho.

Mtu akipata kiharusi, donge linaweza kuvutwa kwa mrija? (Msomaji, Bukoba)

Linaweza, likiwa kwenye mshipa mkubwa, kwa kawaida ndani ya saa 6, na kwa wachache waliochaguliwa kwa picha hadi saa 24. Vituo vyenye uwezo huo ni vichache kwetu. Dawa ya kuyeyusha donge kwa sindano ina saa 4.5. Saa huhesabiwa tangu mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho, si alipokutwa. Aliyelala saa 4 usiku akiwa mzima na kuamka saa 12 asubuhi mdomo umepinda, hesabu yake imeanza saa 4 usiku. Andikeni saa hiyo kwenye karatasi. Msimpe chakula, maji wala aspirini: kabla ya picha ya CT hakuna anayejua kama mshipa umeziba au umepasuka. Pelekeni dawa zake zote na kadi ya INR kama anayo, na waombeni wampime sukari kwanza, maana sukari iliyoshuka hupooza upande mmoja vilevile.