Rozari kwa Anayeanza: Tendo Moja Kwanza

Msomaji mmoja wa Kakamega anayejiandaa kubatizwa ameniandikia kwamba jumuiya yao imemgawia aongoze tendo la tatu la Rozari siku ya Alhamisi (tendo ni tukio la maisha ya Yesu na Maria linalotafakariwa wakati wa kusali), na anaogopa kupotea katikati mbele za watu. Swali hili huja kila Oktoba, mwezi wa Rozari, jumuiya zinapozunguka nyumba kwa nyumba, Nakuru, Kisumu na vijijini kote huku kwetu. Basi jibu hili ni la wote wanaoanza.

Kabla ya kusali, itazame rozari yenyewe. Ina punje 59: kubwa 6 na ndogo 53. Mkia wenye msalaba una kubwa mbili na ndogo tatu katikati yake. Mzunguko una makundi matano ya ndogo kumi kumi, yaliyotenganishwa na kubwa nne tu. Hapo ndipo wageni huchanganyikiwa, maana matendo ni matano. Baba Yetu ya tendo la kwanza husaliwa kwenye kubwa ya pili ya mkia, ile iliyo karibu na medali ya Bikira Maria. Ukishalijua hilo, mpangilio mzima unafunguka.

Unaanza kwa Ishara ya Msalaba, kisha Nasadiki, yaani Kanuni ya Imani, ukiwa umeshika msalaba. Punje kubwa ya kwanza ni Baba Yetu. Ndogo tatu ni Salamu Maria tatu, za kuomba imani, matumaini na mapendo. Halafu Atukuzwe Baba. Baada ya hapo unataja tendo la kwanza, unasali Baba Yetu, Salamu Maria kumi, Atukuzwe, na ile sala fupi ya "Ee Yesu wangu, utusamehe dhambi zetu", ambayo asili yake ni mji wa Fatima, Ureno, 1917. Matendo manne yanayobaki yanafuata njia ile ile, na mwisho ni Salamu Malkia. Katika jumuiya nyingi huongezwa Litania ya Bikira Maria. Wewe kazi yako ni kuitikia "utuombee".

Atukuzwe na "Ee Yesu wangu" hazina punje yake. Zisali ukiwa bado umeshika ndogo ya kumi. Ukisogeza kidole mapema, Baba Yetu inayofuata utaisali ukiwa kwenye punje ndogo, na kuanzia hapo hesabu yote imeharibika.

Kuhesabu ni kazi ya vidole, si ya kichwa. Bana punje kati ya kidole gumba na cha shahada, usiiachie mpaka useme au usikie "Amina". Kosa la kawaida katika jumuiya ni kusogeza mara mbili kwa Salamu Maria moja: mara ya kwanza kiongozi anapomaliza nusu yake, mara ya pili wenzake wanapomaliza kuitikia. Mtu anajikuta amefika mwisho wa kundi huku wengine wako kwenye ya tano. Ikikutokea, tulia, sikiliza kiongozi alipo, ungana naye. Salamu Maria iliyozidi au kupungua si dhambi, na anayekutisha kwa hilo anakukosea. Vivyo hivyo zile jumbe za simu zinazodai usipozituma kwa watu kumi utapatwa na balaa: huo ni ushirikina, zifute.

Ukiwa kiongozi, unataja tendo, unataja nia, kisha unasali Baba Yetu hadi "duniani kama mbinguni" na kuwaachia wenzako "Utupe leo". Katika Salamu Maria unaishia "amebarikiwa". Subiri waseme "Amina" yote ndipo uanze nyingine. Hapa naomba tusikilizane, hata sisi wazoefu. Mara nyingi kiongozi hajafika "na Yesu mzao wa tumbo lako", wengine wameshadakia "Maria Mtakatifu". Jina la Yesu linamezwa, nalo ndilo kiini cha sala nzima! Papa Yohane Paulo II aliandika hivyo hivyo katika barua yake kuhusu Rozari ya 2002, akasifu pia desturi ya kuongeza maneno machache ya tendo baada ya jina hilo, kwa mfano "Yesu, uliyetangaza Ufalme wa Mungu". Ukisali peke yako, ijaribu. Inazuia haraka na inarudisha akili iliyotoroka.

Barua hiyo ndiyo iliyoleta Matendo ya Mwanga, mojawapo ya makundi manne ya matendo matano matano: Furaha, Mwanga, Uchungu na Utukufu. Kwa hiyo kitabu cha sala cha nyanya kilichochapwa kabla ya 2002 hakina matendo hayo, na Alhamisi kitakupeleka kwenye Furaha. Mpango wa sasa ni huu: Furaha Jumatatu na Jumamosi, Uchungu Jumanne na Ijumaa, Utukufu Jumatano na Jumapili, Mwanga Alhamisi.

Usianze na matendo yote matano. Yanachukua kama dakika ishirini, na anayeanza huchoka kwenye la tatu, akamaliza kwa mdomo tu. Sali tendo moja kwa siku, dakika nne hivi, lakini kwanza soma mahali pake katika Biblia. Chukua Maria anapomtembelea Elizabeti, Luka 1:39-56. Anakwenda kwa haraka mpaka nchi ya milimani. Anaingia, anasalimu, na mtoto anaruka tumboni. Elizabeti anapaza sauti, na maneno yake ndiyo hayo unayoyarudia: umebarikiwa kuliko wanawake wote. Yale ya mwanzo ni ya malaika Gabrieli. Maria anakaa huko kama miezi mitatu. Shika picha moja tu kati ya hizo kwa Salamu Maria mbili tatu, kisha nenda nyingine. Ukizoea, ongeza tendo la pili.

Rozari ya Huruma ya Mungu, inayosaliwa hasa saa tisa alasiri, hutumia punje hizi hizi kwa maneno mengine. Jifunze hii kwanza hadi ikae, ndipo uende kwa ile, la sivyo utazichanganya.

Kuhusu kununua: ya uzi uliofungwa mafundo hudumu mfukoni kuliko ya mnyororo mwembamba, ambao hukatika karibu na medali kwa sababu hapo ndipo huvutwa. Mpelekee padre aibariki baada ya Misa. Usiivae kama mkufu wa urembo. Ukiisahau nyumbani ukiwa kwenye matatu, vidole kumi vinatosha.