Betri imeisha nguvu au imeisha nishati? Na hiyo "kilowati kwa saa" mmeitoa wapi

Swali la leo limetoka Igombe, hapa Mwanza kando ya Ziwa Victoria, nalinukuu kwa kulifupisha kidogo:

"Shikamoo mwalimu. Nasoma kidato cha tatu, fizikia tunafundishwa kwa Kiingereza ila nikirudi nyumbani namweleza mjomba kwa Kiswahili, yeye ni mvuvi wa dagaa. Nikamwambia nishati haiumbwi wala haipotei, inabadilika tu. Akacheka, akasema basi nenda kaiambie betri ya taa zangu, maana saa tisa usiku imeisha nishati na dagaa wametawanyika. Sasa mwalimu, Kiswahili chetu kinapingana na sayansi? Niseme imeisha nguvu au imeisha nishati? Na uniti za LUKU (umeme wa kulipia kabla) ni nguvu au ni nishati?"

Marahaba mwanangu, mjomba msalimie, na mwambie hoja yake nimeipenda ila hajashinda bado.

Tuanze na "imeisha" maana ndo yenye kesi. Ukisikia "betri imeisha nishati" unaona kama vile msemaji anasema nishati yenyewe imetoweka, haipo tena duniani, na hapo kweli angekuwa anagombana na kitabu chako. Lakini hiyo i- ya mwanzo kwenye "imeisha" ni ya nani, ya betri au ya nishati? Kwa kuangalia tu huwezi kujua, sababu betri na nishati zote ziko kwenye ngeli moja, zote zinachukua i-, kwa hiyo sentensi hiyo haikupi ushahidi wa upande wowote hata ubishane mpaka asubuhi. Sasa fanya kama mnavyofanya maabara, badilisha kitu kimoja tu, vingine viache kama vilivyo. Toa nishati weka maji, si kuna zile betri za kuongeza maji? Watu wanasemaje? "Betri imeisha maji." Hakuna mtu kuanzia Igombe mpaka Buhongwa utamsikia anasema "betri yameisha maji". I- imebaki palepale, kumbe ni ya betri. Jaribu upande wa pili, acha nguvu toa betri weka gari, unapata "gari limeisha nguvu", kiambishi kimehama kimefuata gari. Basi jibu limepatikana bila ugomvi: anayetajwa kuwa ameisha ni betri, na hilo neno linalofuata linakwambia tu ameisha kwa upande gani. Ndo muundo uleule wa "mjomba amevunjika mguu", pale a- ni ya mjomba, mguu umekuja kueleza mahali palipoumia.

Kwa hiyo mjomba alivyosema betri imeisha nishati hakusema kitu chochote kinachopingana na sayansi, alichosema ni kwamba betri yake imefika hali ya kutokuwa na nishati ya kumpa. Ila kama unaandika insha au unataka kusimama kwenye usanifu usioguswa, sema "betri imeishiwa nishati", kama tunavyosema tumeishiwa hela, hapo hata mkali wa sarufi hana pa kukushika. Tatizo linaanza pale unaposimamisha nishati peke yake ukasema "nishati imeisha" halafu ukanyamaza, hiyo sasa ndo inayohitaji mkia, imeisha wapi? Kwenye betri. Weka huo mkia na fizikia itakuacha.

Na ilikwenda wapi, maana najua mjomba atauliza. Sehemu imetoka kama mwanga ukaingia majini, sehemu imekuwa joto kwenye taa yenyewe na kwenye nyaya, na ule mwanga nao mwisho wake humezwa na maji na wadudu na mbao za mtumbwi ukawa joto vilevile. Yote ipo. Ila ni sawa na kumwaga ndoo ya maji ziwani, maji hayajapotea hata tone, sasa wewe nenda kaidai ndoo yako. Hapo mjomba ana haki kabisa, joto likishatawanyika kwenye ziwa zima huwezi kulikusanya uwashie taa tena, na hiyo nayo ni kanuni ya fizikia, mtaisoma huko mbele. Wazee waliovua kwa karabai walikuwa wanaona nusu ya hadithi kwa macho, mafuta ya taa yanapungua kwenye tangi na karabai inakuwa nyepesi kwa sababu mafuta yanaungua yanaondoka kama hewa ya ukaa na mvuke. Betri haiwi nyepesi, ikijaa au ikiisha uzito ni uleule kwa mizani yoyote utakayoipata pale Mwaloni, ndo maana inachanganya watu, kitu kimeisha na hakuna kilichopungua!

Mtu aliyelifanyia kazi kubwa suala hili ni James Joule wa Uingereza, miaka ya 1840, alifunga mizigo ikawa inashuka na kuzungusha makasia madogo ndani ya chombo cha maji, akapima joto la maji likawa limepanda, na kiasi cha joto kikawa kinalingana na kazi iliyofanywa na ile mizigo. Jouli, kipimo cha nishati, kimepewa jina lake. Nalitaja hili kwa sababu moja, "nishati haipotei" ni kanuni iliyopimwa, haikutoka kwenye maana ya neno, kwa hiyo mtu hawezi kuivunja kwa msemo wala kuitetea kwa msemo.

Haya, nguvu au nishati. Kwa mazungumzo ya kawaida sema nguvu, betri imeisha nguvu, chakula cha kutia nguvu, mimi sioni shida yoyote na wala msimrekebishe mjomba kwa hilo mtamchosha bure. Nguvu ni neno la kwetu la tangu na tangu, limebeba msuli, mamlaka, dawa kali, umeme, kila kitu. Nishati limetoka Kiarabu, huko maana yake ni uchangamfu, sisi tumelipa kazi maalumu. Ukiingia kwenye sayansi ndo lazima ugawe: ule msukumo au mvuto ni kani, na kile kinachohesabika kwa jouli, kinachohama kutoka betri kwenda kwenye taa, ni nishati. Halafu kuna kile kinachopimwa kwa wati, yaani nishati inatumika kwa kasi gani, jouli ngapi kila sekunde, na hapa vitabu vyetu vingi vinarudi tena kwenye "nguvu". Mimi napendekeza ukiandika useme "nguvu ya umeme kwa wati" ili msomaji asidhani unaongelea misuli.

Uniti za LUKU basi ni nishati. Uniti moja ni kilowati-saa moja, sawa na jouli milioni 3.6. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima mfululizo imekula uniti moja, taa ya wati 10 itakwenda saa 100 kwa uniti hiyohiyo. Na hapa ndo nina ugomvi wangu mwenyewe, tena sio na mjomba, ni na waandishi wa habari na wauza sola: "kilowati kwa saa". Jamani! Hiyo "kwa" kwenye vipimo ni ya kugawanya, kilomita 60 kwa saa maana yake gawanya umbali kwa muda. Kilowati-saa ni kuzidisha, kilowati mara saa. Ukiandika "betri hii ina wati 84 kwa saa" umesema kitu ambacho hakipo, wakati mwenye betri alitaka kujua kitu rahisi tu. Chukua betri ya volti 12 na ampia-saa 7, zidisha, inakuja wati-saa 84. Taa ya dagaa ya wati 5 kwa hesabu ya karatasini itawaka karibu saa 17, zikiwa taa mbili gawa kwa mbili, na kwenye maji itakuwa pungufu ya hapo kwa sababu betri za aina ile hazitakiwi kukamuliwa mpaka mwisho. Mpe mjomba hesabu hiyo uone kama hatakusikiliza.

Ndugu yake na kosa hilo ni "kituo kinazalisha megawati 80 kwa siku". Utasoma hivi kuhusu Rusumo, pale kwenye mto Kagera unaoingia ziwani kwetu, mradi wa Tanzania, Rwanda na Burundi. Megawati 80 ni uwezo wa mitambo, ipo muda wowote inapofanya kazi kwa ukamilifu, haihitaji siku. Ukitaka kutaja siku basi zidisha kwa saa 24, unapata megawati-saa 1,920, hiyo ndo nishati ya siku nzima mitambo ikikimbia bila kupumzika. Vivyo hivyo Bwawa la Nyerere, megawati 2,115 ni mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, usiongeze "kwa siku" wala "kwa mwaka".

Kuna neno jingine hukuuliza ila litakukwamisha, "kuhifadhi nishati". Linabeba mambo matatu: betri inahifadhi nishati, yaani inaitunza ndani, tangazo linasema hifadhi nishati, yaani bana matumizi, na kanuni yenyewe watu wanaiita uhifadhi wa nishati, yaani jumla haibadiliki. Mwanafunzi mmakini atauliza, kama nishati inajihifadhi yenyewe mbona tunaambiwa tuihifadhi? Swali zuri tu, na dawa yake ni kuacha kulitumia neno moja kila mahali, sema betri inatunza, watu wanabana matumizi, "uhifadhi" waachie wenye kanuni.

Na usichanganye nishati mbadala na nishati jadidifu, wengine wanaandika "jadilifu" kana kwamba umeme unajadiliwa. Jadidifu ni ile inayojirudisha upya, jua, upepo, maji. Mbadala ni yoyote inayoshika nafasi ya nyingine, gesi ya mtungi ni mbadala wa mkaa lakini sio jadidifu, ikiungua imeungua. Kuni zinaweza kuwa jadidifu kabisa kama miti inakua haraka kuliko shoka, ila sio nishati safi, muulize mama yeyote anayebanika samaki kuhusu macho yake. Kwenye "nishati safi ya kupikia", ile ambayo serikali inataka ifikie asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, neno nishati limesimama badala ya kile unachopikia na namna unavyokipata, hakuna anayemaanisha jouli zenyewe ni safi au chafu, na matumizi hayo mimi nayakubali, lugha haiwezi kuishi maabara muda wote.

Uniti au yuniti, nimeona umeandika uniti, baki nayo, ndo iliyoenea, na wingi wake ni uleule, uniti 10 zimebaki, uniti moja imebaki.